Uzi Bado Uko, Lakini Nimekaa

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi muliokaa kwenye mabenchi, asifiwe pia na ninyi muliosimama kule nyuma karibu na mlango. Aksanti. Papa Anaklet, kiongozi wa kikundi chetu cha sala, ameniomba nisirefushe maneno. Nitajaribu, lakini yeye mwenyewe ananijua.

Ndugu zangu, mimi ni Veronika Ngoie, mke wa Ilunga wa kazi ya reli; mimi ndiye yule mushonaji wa mtaa wa Hewa Bora mwenye kibanda cha rangi ya bluu. Nusu ya vikwembe munavyovaa humu ndani vimepita chini ya sindano yangu, na kuna wengine hapa mbele yangu ambao nguo zao zimemalizika zamani na hawajakuja kuzichukua. Siwataji. Leo tunamtukuza Mungu tu.

Nitasema maneno ambayo hatuzoei kuyasema kanisani. Nilimuuliza Padri kwanza, akajibu, "Sema, Mama, mwili wote aliuumba yeye." Basi ninasema. Ugonjwa wangu ulikuwa mahali pa haja kubwa. Ndiyo, hapo hapo munapowaza. Watoto wakitaka kucheka wacheke, wakimaliza tutaendelea.

Munakumbuka nilivyokuwa nikisimama Misa nzima pale kwenye nguzo ya nyuma? Masomo, nimesimama. Mahubiri, nimesimama. Matangazo yale marefu ya parokia, wenye afya wamechoka, mimi nimesimama tu. Mukaanza kusema, Mama Ilunga ana ibada kweli. Padri mwenyewe siku moja alininyooshea mkono katika mahubiri, akawaambia vijana wajifunze heshima ya nyumba ya Mungu kutoka kwangu. Ibada gani, ndugu zangu! Nilikuwa siwezi kukaa!

Ugonjwa wenyewe ulianza tumboni. Nilikuwa nikiharisha, inapoa, inarudi, na tumbo la upande wa kuume linaniuma kila nikisha kula. Vidonda vilinitoka mdomoni, nikalitupia lawama nanasi. Nilikonda. Mushonaji anajua habari ya mwili wake kabla ya watu wengine: nilipunguza nguo zangu kiunoni, kisha nikazipunguza tena, kisha nikaacha kuzipunguza maana zilikuwa zinanikasirisha. Halafu jipu likatoka kule nyuma. Dogo, gumu, la moto. Kukaa juu yake ilikuwa kama kukalia kaa linalowaka.

Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani neno kama lile? Lakini Tantine Marselina, dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea, na tunakaa naye nyumba moja. Yule mama huwezi kumficha kitu zaidi ya siku mbili tatu. Aliniona ninashona huku nimeegemea tako moja, akanielewa mara moja.

"Emoroide hii, bawasiri," akasema. "Lala tu hapa, mwana, nikutie puwari. Kesho utakuwa unacheza."

Muliolelewa hapa Lubumbashi, nani haijui puwari? Ule mpira mwekundu wenye mdomo, unaning'inia kwenye msumari ndani ya kila nyumba, unajazwa dawa na kusukumwa kwa nyuma. Mtoto ana homa, puwari. Mtoto hataki kula, puwari. Mtoto amekuwa mukorofi, nafikiri pia puwari. Tantine alitwanga tangawizi, akaongeza pilipili kidogo na mizizi aliyoagiza kutoka kwao kaskazini, akachuja vizuri kwa kitambaa safi. Alifanya yote kwa upendo. Ndugu zangu, ilipoingia nililia kwa sauti iliyowaleta majirani mpaka kwenye mlango! Nilikimbia nikizunguka uwanja na kikwembe mkononi. Simlaumu hata leo, maana ndivyo alivyotutibu sisi sote na tulikua. Lakini kule ndani kulikuwa na kidonda, naye alitia pilipili ndani ya kidonda.

Jipu likazidi. Nikaenda kwenye dispansari moja ya mtaani, muuguzi akalipasua, usaha ukatoka mwingi. Nilipata nafuu siku ile ile, nikalala kama mtoto. Kisha kishimo kikafunga. Hapo sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo sote tulipopotea. Kwetu sisi, kidonda kikifunga ni kwamba umepona. Nani atafikiri vingine? Tantine alichinja kuku, tukapika bukari, ugali wetu, ya watu wengi, kikundi cha sala kikaja kuimba uwanjani kwetu. "Imefunga! Imefunga!" Na mimi niliimba, nikiwa nimesimama bado, maana kulikuwa na maumivu kidogo ambayo sikutaka kuwaharibia watu furaha.

Kuku hajasahaulika mdomoni, homa ikaja. Usaha ulikuwa umefungiwa ndani. Ukatafuta njia yake, ukatoboa mahali pengine. Nikaenda kliniki nyingine, wakasema ni fistula, yaani kijia kutoka ndani ya utumbo mpaka kwenye ngozi, wakakipasua chote wazi. Kile kidonda kilikataa kupona kabisa. Tena baada ya pale nikaanza kupoteza upepo bila kujua, na siku nyingine uchafu pia. Nilikuwa na mabaki ya vitambaa ya kazini, nikajitengenezea vitambaa vya kuvaa ndani. Nilijipaka marashi mengi. Mulioketi karibu nami muliniambia ninanukia vizuri, nami nikasema aksanti, nikihama kidogo.

Maneno ya watu nayo yakaanza. Sokoni niliwasikia wamama wawili nyuma ya mgongo wangu: "Mama Ilunga eko anakauka. Njo ile ugonjwa ile." Wengine wakasema nimelogwa na upande wa mume. Wengine wakasema ni upande wangu, kwa kuwa nilimkatalia shangazi mmoja nguo ya mkopo. Ilunga yeye alikuwa hasemi kitu. Alikuwa anafua. Aliondoka kazini, akavua koti lake la reli, akachukua beseni, akafua vile vitambaa vyangu na kuvianika ndani ya chumba ili majirani wasivione. Ninamshukuru mbele yenu wote, na ninaona ameinamisha kichwa. Inua kichwa, Baba! Ulinifanyia vizuri.

Sala yangu wakati ule ilikuwa fupi. Sikuomba kupona, maana nilikuwa nimeshachoka kuomba neno kubwa. Niliomba kukaa. Mashine yangu ni ya pedali, haishonewi wima. Nilikuwa nakata vikwembe nikiwa nimesimama mezani, kisha nawapa washonaji wengine kazi yangu waimalize, nami nawaangalia wamekaa. Kukaa tu, Bwana! Nilimwambia hivyo hivyo. Mbwa anakaa, kuku anakaa, mimi umeninyima kwa nini?

Siku homa iliponiangusha, Ilunga aliita taksi. Nilipiga magoti juu ya kiti cha nyuma, nimegeuka, uso wangu kwenye kioo, nikawatazama watu wa magari yaliyotufuata tangu Hewa Bora mpaka hospitalini. Mtu mmoja wa moto, yaani pikipiki, alinipungia mkono. Nilikuwa mgonjwa wa kufa, lakini nilimpungia na mimi.

Hospitalini nilimkuta Dokta Kavira, mama wa watu wa Kivu ya Kaskazini, munganga wa upasuaji. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kupanda kitandani na kugeuka, maana kila munganga alianzia huko. Yeye akavuta kiti, akaona sikai, akasimama na yeye. Tukazungumza wote wawili wima.

"Mama, ya kule nyuma tutaiona," akasema. "Anza kunielezea habari ya tumbo."

Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa ameniuliza tumbo! Nikamweleza kuharisha, nikamweleza maumivu ya upande, akauliza mdomo, nikamwonyesha vidonda, akauliza nguo zangu zinakaa vipi, nikacheka, kisha nikaanza kulia. Nililia pale nimeshika ukingo wa meza. Nilikuwa nimebeba ile habari vipande vipande kama mzigo wa vitambaa, na mtu mmoja amevipanga vikawa nguo.

Alinilaza usingizi wa dawa, akapasua usaha uliokuwa umejificha, akaangalia vijia vilikoelekea. Baadaye wakanipiga picha katika ile mashine kubwa inayopiga kelele, wakapitisha kamera ndani ya utumbo na kukata vipande vidogo vya kuchunguza. Walinipima ukimwi, sina. Walitafuta kifua kikuu cha utumbo kwa makini sana, kwa sababu, aliniambia, hapa kwetu kinafanana na huu ugonjwa mpaka unaweza kukosea, na dawa ya mmoja inaweza kumuua mwenye mwingine. Tulingoja majibu. Kungoja huko nako kuna ushuhuda wake, lakini Papa Anaklet ananiangalia.

Jina lake ni ugonjwa wa Crohn. Nami mara ya kwanza nilifikiri ni jina la munganga mwenzake. Kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na magonjwa, inageuka na kupiga utumbo wenyewe. Utumbo unavimba, unatoboka, na kwa wengine vijia vinatokea mpaka kule nyuma, kama kwangu. Hauambukizi. Nilimuuliza kama mtu amenitupia uchawi, akasema hapana, Mama, hakuna aliyekutupia. Niliporudi nyumbani nilimwambia Ilunga tuwasalimie watu wa pande zote mbili, hatuna kesi na mtu.

Sasa uzi. Nilipoamka katika upasuaji nilikuta nyuzi mbili laini za mpira, kila moja imeingia kwenye kishimo cha ngozi, ikapita katika kijia, ikatokea ndani, na kufungwa fundo kwa nje kama pete iliyolegea. Wanaiita setoni. Nilimuuliza Dokta Kavira atanishona lini.

"Sitakushona, Mama. Huu uzi ni wa kuacha wazi."

Mimi nimeshona tangu msichana! Uzi ninaujua, kazi yake ni kufunga. Nilifikiri bado nina ulevi wa dawa. Akanieleza polepole: kishimo kikifunga juu wakati ndani kuna moto, usaha unabaki bila mlango, ndiyo ile homa. Uzi unashika mlango ili uchafu utoke, na wakati huo dawa inazima moto wa ndani. Kisu peke yake kilishindwa, nilikuwa nimekwisha kuona. Dawa peke yake juu ya usaha ni hatari. Vinakwenda pamoja, uzi kwanza, dawa nyuma yake. Nikakumbuka yule kuku wa Tantine na nyimbo zetu uwanjani. Tulisherehekea mlango kufungwa na mwizi yuko ndani.

Nilikunywa antibiotiki, kisha vidonge vya kutuliza ile kinga. Halafu ikaja dawa ya dripu, infliximab, ambayo inakaa katika baridi tangu inapotengenezwa mpaka inapoingia mshipani. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Bel-Air, Mkristo mwenzetu wa kutoka Butembo, magari yake yanakwenda Zambia na kurudi, ndiye aliyeniletea katika sanduku la barafu. Dereva wake alilala amekumbatia sanduku lile mpakani. Pesa ilitusumbua, nani hasumbuki, lakini sitaihesabu mbele ya Bwana. Dokta alinionya pia wazi: dawa ikishindwa, itabidi kutoboa tumbo na haja ipite kwenye mfuko kwa muda. Niliogopa sana neno lile. Sasa namjua mtu anayevaa mfuko, anacheza ngoma kuliko mimi, kwa hiyo nimeacha kuliogopa.

Ndipo jaribu likaja, na halikutoka kwa maadui. Munajua desturi ya kikundi chetu. Mtu akiponywa, analeta ishara mbele ya watu: fimbo ya kutembelea, bandeji, chupa ya dawa iliyobaki. Papa Anaklet alikuja kwetu na wamama wawili wa sala, wakaniombea vizuri, nikasikia amani. Kisha akauliza zile nyuzi zitatoka lini.

Nikasema sijui, labda miezi, labda zaidi.

"Mungu hafanyake kazi nusu-nusu, Mama," akasema. "Ukishatoa hiyo uzi, njo utakuja kushuhudia."

Na Tantine Marselina, aliyekuwa amebeba uchungu wangu kunipita mimi, akasimama. "Leta makasi," akasema. "Kwa imani. Tunaikata leo, tunamaliza hii mambo."

Makasi yangu makubwa ya kukatia vikwembe yalikuwa pale mezani. Ndugu zangu, nitawaambia kweli, niliyatazama yale makasi! Nilikuwa nimechoka na ule uzi. Unakwaruza, unalowesha, unakukumbusha kila dakika. Na wale wote walionipenda walikuwa wamesimama wananingoja mimi nipige magoti, wakate. Nikawaza, labda kweli mimi ndiye mwenye imani ndogo. Nikaweka mkono mezani, karibu na makasi.

Ilunga aliingia kutoka bafuni akiwa amevaa tayari kwenda zamu yake. Akatazama makasi, akatazama Tantine, akayachukua.

"Hii makasi iko ya kukata bikwembe," akasema. "Haiko ya kukata bibi yangu."

Akayatia katika mfuko wa koti, akatoka nayo kwenda kazini! Siku ile sikukata nguo ya mtu hata moja. Wateja walikuja, nikawaambia makasi yameenda relini.

Nilibaki nimesimama mbele ya Papa Anaklet, na kilio changu kikageuka kicheko, nikamwambia: "Papa, uliomba Mungu anipe msaada. Huu uzi njo msaada. Nikiukata, nitakuwa nimemurudishia." Alikunywa chai yake, akaenda. Hatukugombana. Lakini alikawia sana kuniita niseme hapa, na mimi nilikawia kumuuliza.

Sasa nifike mwisho. Dripu ya kwanza, sikuona kitu. Iliyofuata, tumbo likatulia. Nikaanza kula sombe na bukari bila kukimbia. Usaha ukapungua, ukawa maji, ukawa doa dogo tu kwenye kitambaa. Picha ya pili ikaonyesha kijia kimoja kimekauka, na Dokta Kavira akatoa uzi wake yeye mwenyewe, kwa wakati wake. Wa pili bado uko. Uko mwilini mwangu sasa hivi, ninaposimama mbele yenu. Dripu nitaendelea nayo kila baada ya miezi miwili, na nikipata homa ninakimbilia hospitali siku ile ile bila kungoja mtu anishauri. Daktari hajasema nimepona. Amesema ugonjwa umelala, na tutaulinda usingizi wake.

Asubuhi moja nilishona mto mnene wa pamba, kwa mkono. Nikauweka juu ya kiti cha mashine. Nikaita jina la Yesu, nikakaa. Nikangoja maumivu yaje, kama mtu anayengoja polisi. Hayakuja. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikavuta kola ya shati la shule iliyokuwa karibu, nikaishona, nikaipita mpaka mwisho na nikaendelea kushona mahali pasipo na nguo, na machozi yakilowesha ile kola. Tantine alikuja mbio akifikiri nimeumia. Aliponiona nimekaa, alikaa na yeye chini sakafuni, tukalia wote wawili. Ile puwari sasa anamwagilia nayo miche yake ya lengalenga. Inastawi sana.

Papa Anaklet, ninakupenda, na umenipa leo nafasi ya kusema, aksanti. Lakini nisikilize. Sina ishara ya kuleta mbele. Ishara yangu haiwezi kuwekwa altareni, na mukitaka kuiona hamtaiona! Mungu hakunitoa uzi. Alinitoa aibu, akanitoa woga wa kutaja mahali panaponiuma, akanipa mume mwenye mfuko mkubwa wa koti na munganga aliyeuliza tumbo. Na akanipa lile neno fupi nililoliomba. Kwangu mimi hiyo si kazi ya nusu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, wenye dawa, kunyweni dawa zenu na muombe. Mwenye uzi asikate. Mwenye jipu la kule nyuma linalorudi na kurudi, na tumbo linaloharisha, na nguo zinazozidi kuwa pana, asiende kwenye msumari wa puwari. Aende hospitali, na akiulizwa aseme mahali penyewe kwa jina lake. Bwana hatashtuka, anapajua.

Neno la mwisho, ninakwenda. Tangu nimeanza kusema, kuna mtu amesimama pale nyuma kwenye nguzo yangu, kama alivyosimama Misa iliyopita. Mabenchi yana nafasi, ameitwa akae, amekataa kwa heshima. Watu wanamsifu kwa ibada. Simtazami, na ninyi musigeuke. Musigeuke, nimesema! Lakini namna ile ya kuhamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, mimi ninaijua.

Ninarudi kwenye benchi letu la wamama, upande wa dirisha. Ninakwenda kukaa. Nimekuja na mto wangu, na pembeni yake kuna mto mwingine. Nimeushona juma hili, na haujawa wa mtu.